Nati ya Nne

Leonsi hakwenda kwenye matanga ya Sylvesta, na watu waliona. Wawili hao waliteremka pamoja kutoka Mbulu wakiwa vijana. Sylvesta akawa dereva, Leonsi akawa fundi wa magari pale Nangara. Majirani walisema ni majonzi yamemzidi. Hawakujua kitu alichokuwa amekificha moyoni.

Mwaka 1981, siku moja kabla ya ajali iliyomuua rafiki yake, ni Leonsi aliyeifunga injini kwenye pikapu ya Sylvesta. Injini ilikaa juu ya miguu minne, kila mguu na nati yake. Nati tatu alizikaza vizuri. Ya nne ilikuwa nyuma ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki na spana ndefu haiingii. Spana fupi hakuwa nayo, na miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Akaizungusha kwa ncha za vidole mpaka ikagoma, akatoka chini ya gari akijipangusa mikono.

"Imekaza?" Sylvesta aliuliza.

"Imekaza. Nenda."

Kesho yake pikapu ilipinduka kwenye mteremko wa Bonga. Abiria walionusurika walisema injini ilinguruma yenyewe, gari likazidi kwenda mbio huku dereva akikanyaga breki. Leonsi alifika, akachungulia chini ya boneti iliyokunjamana. Bolti ya nne ilikuwa tupu; na injini ikisogea kwenye mguu wake, huvuta waya wa mafuta. Labda nati ilichomoka gari lilipobiringika. Labda ilichomoka kabla.

Miaka mitatu baadaye Lukresia, mjane wa Sylvesta, alikuja karakana.

"Baba Xaveria, injini ya marehemu iko uani kwangu, kuku wanataga juu yake. Mahindi yangu yanaoza Sigino kwa kukosa usafiri. Nitengenezee gari."

"Gari la kuunda tu hivi hivi, Mama Emerensiana?"

"Wengine wanaunda. Wewe utashindwa?"

Leonsi alikubali. Alitafuta chasisi ya gari bovu lililotelekezwa, akatengeneza milango kwa mapipa, akapiga sakafu ya mbao. Miezi saba alifanya kazi vizuri. Lakini siku alipoishusha injini kwa mnyororo, alisikia kitu kidogo cha chuma kikidondoka chini. Alipiga magoti, akapapasa vumbi. Hakikuwepo. Akarudi kazini, akakisikia tena.

Mahali pa nati ya nne palikuwa palepale, nyuma ya bomba la moshi. Safari hii aliikata spana ndefu, akaitia kwenye moto wa mkaa, akaikunja shingo hadi ikaingia. Aliikaza kidogo kidogo, kila mzunguko akiitoa spana na kuirudisha upya. Asubuhi akaigusa, akaona kama inacheza. Akaikaza. Mchana akaigusa tena. Ikawa hivyo siku nne; hakulala vizuri, wala hakula.

Siku ya tano Lukresia alimkuta amelala chini ya gari, mkono umechubuka, akilia.

"Kuna nini, fundi?"

"Haikazi."

Lukresia aliinama. Mkono wake ulikuwa mwembamba; ukapita kando ya bomba hadi kwenye nati.

"Mbona imekaza? Haitikisiki kabisa."

"Ile ya Sylvesta haikukaza," Leonsi alisema. "Spana haikuingia. Nikamwambia imekaza."

Lukresia hakuutoa mkono. Shavu lake lilikaribia kugusa chuma.

"Yeye alijua?"

"Hapana. Aliniamini."

"Na mimi miaka mitatu namlaumu yeye. Nasema alikwenda mbio." Akanyoosha mkono mwingine. "Nipe spana."

Akaikaza mwenyewe, pole pole, akafunga boneti na kuondoka bila kuaga.

Gari lilibeba mahindi ya Sigino miaka mitano, na dereva wake hakupata ajali. Kila Jumamosi Lukresia alilileta karakana, akafungua boneti, akasimama. Leonsi aliingiza mkono, akasema, "Imekaza." Lukresia aliingiza wake pia, kisha akaenda zake. Habari za Sylvesta hazikutajwa tena. Leonsi hakuomba msamaha kwa maneno, na Lukresia hakuutoa.

Mwaka 1989 Lukresia aliliuza gari kwa mfanyabiashara wa Kondoa. Jumamosi iliyofuata alitokea karakana kwa miguu. Leonsi alimtolea kigoda. Akakaa. Wote wawili walitazama pale gari lilipokuwa likisimama, hadi mchana ukawa mkali, ndipo Lukresia akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akaelekea nyumbani.