Nyongeza ya Jacinta

Jacinta ana miaka hamsini na mitatu, na zaidi ya nusu yake ameuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Pap Onditi. Hupima kwa gorogoro, lile bati la kilo mbili, hulijaza mpaka lifanye kilima, kisha huchota konzi moja ya juu: nyongeza. Mkono mtupu haulambwi, husema, na wateja wamemfuata miaka yote kwa ajili ya konzi hiyo. Ni mama mkarimu. Ukarimu huohuo ndio uliomponza.

Shamba lake la mahindi linashuka hadi kwenye kijito, na kijito kinaingia ziwani palepale mumewe Owiti anapoegesha mashua. Kipimo cha mbolea ni kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo. Jacinta alitia kifuniko, halafu nyongeza. Baadaye maji yalituama shambani, mahindi yakageuka manjano. Akadhani yana njaa, akamwaga tena, konzi kwa konzi, na mawingu yametanda. Mvua ya jioni ile ikaosha kila kitu.

Ziwa ndilo lililokula. Maji ya ukingoni yakawa kijani kama mlango uliopakwa rangi jana, gugumaji likafunga njia, samaki wa ngege wakaelea tumbo juu, na omena wakahamia mbali, kasia la Owiti lisikofika. Maryanne, afisa wa kilimo, alikuja kuona shamba.

"Mama, hiyo mbolea inalisha majani ya maji. Ikikufa inaoza, inamaliza hewa, samaki inakosa pumzi. Na mahindi yako haikuwa na njaa, ilikuwa imezama! Chimba mtaro. Kifuniko moja tu, ufunike na udongo, na ukiona mvua uache. Kando ya kijito usilime, wacha nyasi ishike."

Jacinta hakubisha. Ni kweli mashamba ni mengi, na mji nao una uchafu wake, lakini lawama za wengi hazikumpunguzia zake. Alikuwa amechoka.

"Mama Achieng', mimi nauza boti," Owiti akamwambia mkewe.

"Ngoja msimu moja, Baba. Mimi nimebadilisha."

"Na ziwa itajua aje ni wewe umebadilisha?"

Msimu huu amepanda akisawazisha kila kifuniko kwa kidole, mgongo ukimuuma, na hatua kumi za kando ya kijito ameziachia nyasi. Majirani wanamcheka kwamba uzee umemfanya bahili. Mashua ingali imelazwa kifudifudi.

Jana sokoni gorogoro halikujaa. Safia, mteja wake wa siku nyingi, alipokea omena zake na bado akashika mfuko wazi.

"Na nyongeza, Mama?"

Mkono wa Jacinta ulikuwa umeshakwenda kwenye beseni kwa mazoea. Ukagusa chuma kitupu.

"Yako nilimwaga ziwani, Safia," akasema, akamfungia mfuko.