Twende Kando

Kazi yangu ya sasa niliichagua kwa sababu ya harufu. Niko Sindo, kwenye stoo ya omena, dagaa wa ziwani, napima magunia na kuandika. Ndugu zangu walishangaa mtu aliyezoea machimbo ya dhahabu anaenda kunuka samaki. Waache washangae. Omena ikishaanikwa juani, hakuna pua itakayouliza harufu nyingine inatoka wapi, na mimi nina mfuko wa choo umebandikwa tumboni, upande wa kushoto, chini ya shati.

Utumbo wangu ulijisokota miaka mitatu iliyopita. Nilipasuliwa siku hiyohiyo huko Homa Bay, nikaamka nina huo mfuko. Daktari alisema ni wa muda tu, na mpaka leo ninao. Nimejifunza kuishi nao. Shati liwe kubwa kuniliko, na sichomekei. Maharagwe sili siku ya kazi. Mfuko ukijaa upepo huguna, nami nakohoa haraka au naubamiza mzani. Saa nne naenda chooni na chupa ya maji, saa nane tena, na wenzangu wanadhani nina kisukari. Sijawakatalia. Kisukari kina heshima zake.

Lakini si mfuko unaonitesa. Ni mtu mmoja.

Kabla ya haya nilikuwa Masara, machimboni. Kazi yangu ilikuwa kusachi watu wanapotoka kazini wasiibe mawe yenye dhahabu. Nilikuwa mkali, sikufichi, na niliupenda ukali wangu. Watu walificha mawe kwenye soksi, kwenye nywele, hata ndani ya bandeji ya kidonda kisichokuwepo. Na mwenye kushikwa alikuwa na maneno yake: "Omera, twende kando." Ndugu yangu, twende kando, maana yake tugawane. Kila mtu alilijua hilo, hata mama wa chai aliyekuwa na kibanda chake pale karibu.

Jioni moja akaja mbele yangu mtu mwembamba, mgeni, wiki yake ya kwanza ya kuponda mawe. Nikapapasa kiunoni. Kulikuwa na kitu laini, chenye joto, kimefungwa kwa kipande cha leso. Akanishika mkono taratibu, akanong'ona.

"Omera, hapo usishike. Twende kando."

Yawa, nilivyofurahi! Nimemnasa leo. "Kando wapi?" nikapaza sauti. "Hapa hapa, watu waone." Nikakivuta kile kitambaa kwa nguvu zangu zote.

Sitaeleza sana. Kilichomwagika kililowesha suruali yake na viatu vyangu. Wengine walianza kucheka, halafu wakaona ile nyama nyekundu ya utumbo imetokeza tumboni, kicheko kikakatika. Hakunitukana. Aliinama, akaokota mfuko wake, akaupangusa kwa shati, akaniuliza, "Kuna maji?"

Maji yalikuwepo, mtungi mzima nyuma yangu. Nikamwambia atoke, anachafua mahali. Akaenda. Hata mshahara wake wa wiki hakurudi kuuchukua.

Na mimi nikakisimulia kisa hicho baa, nikichekesha watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Siku ile sista alipofunua shuka hospitalini nilione tumbo langu, niliiona ile nyama nyekundu, nikaijua. Nililia sana. Sista alidhani ni maumivu ya kidonda, akaniongezea dawa.

Tangu hapo yule mtu haniachi. Nikiosha mfuko namwona ameinama. Nikifungua mfereji namsikia, "Kuna maji?" Wala hapigi kelele, anauliza tu kwa adabu, na hiyo adabu yake ndiyo inayoniua. Nilirudi Masara kumtafuta, nikaenda mpaka Macalder. Jina lake sikuwahi kuliuliza. Utamtafutaje mtu ambaye unachokijua ni tumbo lake? Mmoja aliniambia amevukia Tanzania, mwingine akasema huyo alishazikwa. Nikarudi nyumbani.

Mwezi uliopita omena ikaanza kupotea stoo. Mwenye stoo akaleta askari na kuamuru kila mtu asachiwe langoni kabla ya kutoka. Tukapanga foleni saa kumi, wanawake wamesimama pembeni wakitazama na kutania. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Askari mwenyewe niliyajua macho yake: ya mtu anayeipenda kazi yake. Nilikuwa nimepanga la kusema, kwamba mimi ni mgonjwa na nina barua ya hospitali. Barua nimeiacha nyumbani, mjinga mimi. Mkono wake ukafika kiunoni, ukasita, na kinywa changu kikasema chenyewe.

"Omera, hapo usishike. Twende kando."

Askari aliniangalia machoni. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nilishakifikiri mimi. Nikangoja avute. Kusema kweli, nilitaka avute. Nilidhani nikiaibishwa mbele za watu, labda yule mtu ataniacha.

"Sawa, mzee," akasema. "Twende."

Tukaenda nyuma ya magunia. Nikainua shati. Akatazama mara moja tu, akalishusha shati yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

"Pole, mzee. Ungeniambia tangu asubuhi."

Wakati wa kurudi kwenye foleni nilihesabu hatua, zikawa sita. Kule Masara, kutoka pale nilipomsachi yule mtu mpaka nyuma ya kibanda cha mama wa chai, zingekuwa nne tu.