Kipoyi cha Watu Wawili

Nilichukia kipoyi tangu siku ya mtihani wangu wa mwisho wa sekondari. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, niko tayari kushuka barabarani kungoja pikipiki, filimbi ikalia juu ya kilima mara tatu. Filimbi mara tatu maana yake mgonjwa. Kwetu, vilima vya juu ya Ngungu, gari haifiki. Mgonjwa analazwa kwenye kitanda cha mianzi kilichofungwa kwa kamba, wanaume wanakiweka mabegani wanne wanne kwa zamu, wanamshusha mpaka hopitali. Kitanda hicho njo kipoyi. Kila nyumba inatoa mwanaume mmoja, na asiyekuja analipa mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kisha anasemwa mwaka mzima. Baba alikuwa na mgongo mbaya, kwa hiyo mwanaume wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Tulibeba mzee mwenye homa. Nilifika kwenye mtihani wenzangu wamekwisha kuandika ukurasa wa kwanza, shati langu limegeuka rangi ya udongo. Msimamizi alinihurumia akaniacha niingie, lakini hasira ile sikuiweka chini.

Niliibeba mpaka Goma, kwenye shule ya ubunifu. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anachagua taabu moja ya kwao na kutengeneza kitu cha kuipunguza. Anakichora, anafanya maketi, mfano wake mdogo, kisha kitu chenyewe, anaandika kitabu na kusimama mbele ya juri inayotoa alama. Mwenzangu wa Bweremana alitengeneza sanduku la kukaushia samaki. Mwingine, mtoto wa wafugaji, alitengeneza kibebeo cha jibini ili isipondeke juu ya pikipiki. Mimi sikuhangaika kutafuta. Nilimwambia mwalimu aliyeniongoza kwamba kwetu wanaume kumi na wawili wanaacha mashamba yao kwa sababu ya mgonjwa mmoja, na kwamba mimi nitawarudisha kumi nyumbani. Alipenda sana. Aliniambia niandike sentensi hiyo kwenye mstari wa kwanza wa kitabu.

Basi nikatengeneza kipoyi cha watu wawili. Kilikuwa na mabomba mepesi ya chuma, niliyochomelea mwenyewe, turubai la kulalia, mikanda ya kumfunga mgonjwa asiteleze, na katikati, chini ya kiuno chake, gurudumu moja la pikipiki. Mmoja anashika mbele, mmoja nyuma, uzito wote unakaa juu ya gurudumu. Vipimo vya kitanda nilivichukua kwa mwili wa dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nilimlaza kwenye mkeka uani nikazunguka naye na kamba ya kupimia, naye anacheka, ananiuliza kama namshonea nguo ao jeneza. Alikuwa na watoto wawili, na mimba ya tatu ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Wale wawili wa kwanza aliwazaa hopitali, na mara zote mbili alishushwa na kipoyi.

Wakati wa kiangazi nilikipandisha kilimani kukijaribu. Nilipakia mifuko miwili ya viazi, nikashika mbele, shemeji yangu, mume wa dada, akashika nyuma, tukashuka mpaka kwenye mikaratusi na kurudi bila kutoka jasho. Watu walipiga makofi. Nilipiga picha nyingi. Mzee mwenye kutunza filimbi, ambaye wote tunamwita Papa na njo mkubwa wa chama cha kipoyi, alilizunguka lile gurudumu, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Ni kitu ya muzuri," akasema. "Na bale bengine batafanya nini?"

Nikamwambia watalima, watapumzika, watafanya yao. Akanikumbusha kwamba kidole kimoja hakiui chawa. Nikamjibu kwamba siku hizi kuna dawa ya chawa, Papa. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini, na yeye mwenyewe akacheka kidogo. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nasikia haya usoni, hata nikiwa peke yangu.

Mwezi wa tisa nilirudi nyumbani kumalizia kuandika. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wote wako mashambani wanapanda maharagi. Asubuhi moja shemeji alikuja mbio. Dada alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mama mzalishaji alikuwa amemshika tumbo na kusema mtoto amelala upande, hatatoka peke yake, mama apelekwe hopitali akapasuliwe. Tulipofika kwake, Papa wa filimbi alikuwa tayari mlangoni, filimbi iko mdomoni.

Nilimshika mkono. Nilimwambia hakuna haja. Watu wako na mbegu mkononi, kwa nini tuwatoe shambani, na kitu cha watu wawili kiko hapa, kinamngoja mtu huyuhuyu ambaye kilipimwa kwake? Papa alimtazama shemeji. Shemeji alinitazama mimi. Nilikuwa mwanafunzi wa Goma, nilikuwa na picha kwenye simu zinazoonyesha kwamba inawezekana. Shemeji akasema tufanye hivyo. Papa akaishusha filimbi, akasema mimi ndiye niliyesoma, kisha akaenda zake shambani.

Tulipomfunga mikanda, dada aliinua kichwa akaangalia huku na huku.

"Batu beko wapi?"

"Tunatosha," nikamwambia.

Sehemu ya kwanza tulishuka vizuri. Nasema kweli, nilikuwa na furaha. Dada yangu anauma kitenge kwa uchungu, na mimi nyuma yake naangalia gurudumu linavyozunguka, nawaza picha gani ingefaa kwa ukurasa wa mwisho.

Kwenye mikaratusi mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia kuwa tope. Gurudumu lilizama mpaka nusu. Tulivuta, likazama zaidi. Tukajaribu kuinua, na hapo njo nilijua jambo ambalo kwenye karatasi zangu nilikuwa nimelijua bila kulijali: kitu changu, pamoja na chuma chake na gurudumu lake, kilikuwa kizito kuliko kipoyi cha mianzi. Kwenye njia kavu gurudumu ndilo linabeba. Likikwama, linakuwa mgonjwa wa pili. Wanaume wawili hatukuweza kuinua vyote pamoja na mama mwenye mimba. Shemeji aliteleza akaanguka magoti, kitanda kikalala upande, dada akapiga kelele ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Na mbele yetu bado kulikuwa na mto, na miti ya daraja ilikuwa imechukuliwa na maji.

Wabebaji wa kipoyi wanajua mto ule. Wawili wanatangulia na fimbo kupima maji. Wengine wanaingia ndani, wanasimama mistari miwili, na mgonjwa anapita juu yao kutoka mkono mpaka mkono bila kulowa. Nimesimama katika mistari ile mara ngapi! Nilikuwa nasimama nikihesabu masomo yanayonipita, na sikuona hata mara moja kwamba mistari ile njo daraja.

Nilimwacha shemeji ameshika kichwa cha mke wake, nikapanda mbio. Papa nilimkuta mbali, shambani kwake. Alipiga filimbi mara tatu, akapiga tena, lakini watu walikuwa wametawanyika kwenye mashamba ya mbali, wakaja mmoja mmoja, udongo mikononi, majembe bado mabegani. Walichukua kipoyi cha zamani kilipotundikwa wakashuka. Wanawake walifuata nyuma na beseni, makala ya kuwashia moto, unga na majani ya sombe, kwa sababu hopitali haipikii mtu. Walimfungua dada yangu kwenye mikanda yangu, wakamlaza kwenye mianzi, wakamvusha. Wanne wanabeba, wengine wanatembea pembeni. Mmoja akichoka anasema "Bega!", wa pembeni anaingiza bega lake chini ya mti wa kipoyi, yule anatoka, na miguu haisimami. Kitu changu kilibaki kwenye tope.

Walimpasua. Dada aliishi. Damu aliyoongezwa ilitoka kwa vijana wawili kati ya waliombeba. Mtoto, msichana, alitolewa amekufa. Muuguzi hakutulaumu. Alisema tu kwamba mtoto alikuwa amekufa si muda mrefu, kisha akauliza kwa nini tulikawia. Hakuna mtu aliyenionyesha kwa kidole, na mimi pia sikujionyesha.

Dada alibaki kitandani, kwa hiyo mtoto alirudishwa kilimani na wanaume. Alikuwa amefungwa kwenye kitenge cha mama yake. Mtu mmoja angeweza kumbeba kwa mkono mmoja mpaka nyumbani bila kuchoka. Lakini walimbeba kwa zamu, wote. Shemeji alianza, na baada ya hatua kidogo mtu wa pembeni akasema polepole "Bega," akapokea, akatembea, akampa mwingine. Mvua ilikuwa imekatika. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikitumaini zamu haitanifikia. Papa alingoja mpaka nikamfikia, akaniwekea mtoto mikononi. Nilimbeba kutoka mtoni mpaka kwenye mikaratusi. Nilipita karibu na gurudumu langu nikiwa naye. Nililia waziwazi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze ao niendelee.

Siku ya tatu nilikwenda kumuona dada. Nilitaka kumuomba musamaha, nikajikuta nazungumza juu ya tope, juu ya upana wa gurudumu, juu ya mvua. Aliniacha nimalize.

"Nilikuwa naangalia juu, naona mawingu tu," akasema. "Ile mara ingine ni sura za batu. Banaimba, bananichokoza, mimi nasahau. Siku ile nikawaza: muntu anabebwa na batu mbili, ni ule hana ndugu."

Aligeukia ukuta. Nilikaa pale mpaka walipotufukuza wageni, na lile neno musamaha halikutoka.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoona aibu zaidi kuliko ile ya tope. Siku ya kusimama mbele ya juri nilikuwa nimekwisha kulivuta gurudumu kutoka kwenye matope, nimelisafisha, nimepaka mabomba rangi ya bluu. Nilionyesha picha za kiangazi. Nilisoma mstari wangu wa kwanza, kwamba nawarudisha watu kumi nyumbani, na sauti haikutetemeka. Mama mmoja wa juri, mwenye miwani, aliuliza kama tulijaribu na mgonjwa wa kweli.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nakumbuka alivyoningoja, kalamu yake iko juu ya karatasi. Niliogopa. Miaka ya masomo, kilima kizima kinachoniita fundi, baba na mgongo wake, vyote vilikuwa vinanitazama. Nikasema tulijaribu, lakini mvua ilikatisha jaribio. Sentensi hiyohiyo ilikuwa tayari imeandikwa kwenye kitabu changu, mwishoni mwa sura ya nne. Mama yule aliandika kitu. Wakanishauri niweke gurudumu pana zaidi. Wakanipa alama nzuri, na mwalimu wangu akanikumbatia.

Kitabu kilifungwa vizuri, jalada gumu, jina la shule juu kwa herufi za dhahabu. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimtanguliza dada yangu, mbele ya wazazi na walimu, nikafikiri, mjinga mimi, kwamba hilo litasema yale nisiyoweza kusema. Nilipanda nacho kilimani mwezi wa pili. Nilimkuta uani kwake anapukuchua maharagi na watoto wake wawili. Alikuwa amekonda, lakini alinipokea vizuri, akanipa kiti na maziwa. Nikampa kitabu. Alipangusa mikono kwenye kitenge kabla ya kukishika.

Kifaransa hakijui, lakini picha alizijua. Alifunua polepole. Aliona mchoro wa mwanamke aliyelala, vipimo pembeni, akasema huyu ni mimi, watoto wakasogea kuangalia mama yao. Aliona mifuko ya viazi, akamuona mume wake anacheka nyuma ya kitanda. Nilimsomea ukurasa wa shukrani, nikamgeuzia kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa kukubali, akasema aksanti. Akaendelea kufunua mpaka jalada la nyuma, akarudi mwanzo, akafunua tena, safari hii akipitisha kidole juu ya maandishi. Kisha akanirudishia kitabu kikiwa wazi, akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Mutoto wangu iko ku ukurasa gani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nilichukua kitabu nikaanza kufunua, ukurasa mmoja mmoja, kana kwamba natafuta, nikaipita sura ya nne na sentensi yake ya mvua. Watoto walirudi kwenye maharagi. Yeye alikaa, ananingoja.