Mke Aliyemfuata Mumewe Ndani ya Gemu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, mjini Kitale nikituma makala yangu, mama mmoja kutoka Bungoma alipoingia akimtafuta mumewe. Alimpata mbele ya mashine ya gemu, ndani ya ule mji wa kwenye skrini ambapo watu hujichagulia sura na kupiga gumzo kwa kuandika. Mume hakugeuka; alikuwa akiandikiana na wenzake wa huko mfululizo.

Mama hakuzozana. Alimwambia mhudumu, "Niwekee hiyo ya kando. Nataka kuingia huko aliko."

Alishika pedi ya kuchezea, akachagua herufi moja moja kwa kidole gumba, hadi mtu wake wa kwenye skrini akamwambia wa mumewe: "Ni mimi, mama watoto. Mbona nyumbani huongei hivi?"

Mume akaandika: "Hapa sina kigugumizi. Hakuna mtu ananicheka."

"Kwani nyumbani nani anakucheka?"

"Watoto. Na wewe unanimalizia maneno."

Mama aliiweka pedi chini, akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana. "Ni ukweli, na hiyo naacha leo," alisema kwa sauti. "Watoto niachie mimi. Sasa niambie kwa mdomo. Sina haraka."

Neno la kwanza lilimkwama. Sisi wote mle ndani tulitamani kumsaidia kulitoa. Mama alinyamaza tu, akimtazama, mpaka likatoka lenyewe: "Twende."

Ule mji una wakazi wapole, sikatai. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujua kwamba mwenzao anahitaji kungojewa.