Godoro la Jirani

Nakumbuka asubuhi moja nilipoingia nyumbani kwa Bi Hidaya, hapa hapa Kengeja, na fomu mkononi na kiburi ambacho sikujua kuwa ni kiburi. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia na wewe umechaguliwa kwenye kamati ya shehia, na wiki ijayo mnaanza kupita majumbani.

Wakati ule mpango wa kuzisaidia kaya masikini ulikuwa mgeni kwetu. Mkutano wa wanakijiji ulikwisha kutaja majina, na la Bi Hidaya lilikuwa la mwanzo, wala hakuna aliyepinga. Alikuwa mjane, macho yameanza kufifia, anamlea mjukuu wake yatima, Saumu, aliyekuwa darasa la sita. Mimi nilitakiwa kwenda kuhakikisha tu. Lakini nilikuwa kijana niliyesoma Chake Chake, semina nimehudhuria, basi nikajiona najua kuliko mkutano mzima.

Nilitanguliza salamu kuwa nitakuja, kama adabu yetu ilivyo. Nilipofika nikakuta kitanda kina godoro jipya na shuka iliyopigwa pasi, chai imetiwa kwenye vikombe vya maua, chapati zimefunikwa kawa. Bi Hidaya akanihimiza nile, nami nikala nikashiba. Kisha nikatoka nje nikajaza: godoro lipo, vyombo vipo, chakula kipo. Jina lake nikalikata. Hata leo nikiikumbuka ladha ya zile chapati naona haya.

Mwenyewe hakuja kulalamika. Aliyenisimamisha njiani ni jirani yake, Bi Mize, mkulima wa mwani, mikono imechubuka kwa kamba na chumvi. Aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza hali ya mama, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Lile godoro langu miye. Vikombe vya kwa Bi Rukia, na unga tulichangiana. Angekuja mtu wa mbali asiyetujua, ningemsamehe. Weye mzawa wa hapa, kwenu akija mgeni hamuazimi?"

Mama yangu alikuwa akiazima mkeka kila tukipata mgeni, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuufuata. Nilikwenda mbio kwa sheha, nikakuta majina yamekwisha pelekwa. Tukaambiwa tungoje uhakiki mwengine, na tuliungoja miaka.

Saumu aliacha skuli mwaka ule ule, akaenda kuponda kokoto pamoja na wanawake watu wazima. Nilikuwa nikipita barabarani nasikia nyundo yake, na yeye, kwa malezi aliyopewa, huiweka chini akaniamkia. Siku moja nilishindwa kustahimili, nikaenda kwa bibi yake kuomba radhi. Nikamwambia, na ujinga wangu, kwamba laiti asingeniandalia vile nisingekosea.

Bi Hidaya akasema, "Sikukudanganya, mwanangu. Nilikukirimu."

Uhakiki ulipokuja aliingizwa, nasi kijiji tukamsaidia kujenga banda la kuku, akapata kujitegemea kidogo kabla Mungu hajamchukua. Lakini Saumu alikuwa ameshavuka umri wa kurudi darasani. Sasa ana watoto wake. Akinikuta bado ananiamkia kwa heshima, na mimi bado siwezi kumtazama usoni.

Basi sikiliza, mwanangu. Unapokwenda kwenye nyumba ya masikini, usihesabu alichowekewa mgeni. Keti, uliza taratibu, na usimuulize mbele za watu. Ukiona jambo limekutatiza, usilimalize na kalamu yako peke yako. Rudi kwa majirani, maana wao ndio wanaojua jiko lipi halikuwashwa jana. Msaada unatoka mbali, lakini anayestahili anajulikana hapa. Na jina la mtu kulikata ni kitu cha dakika moja tu, nami ile dakika yangu naijutia mpaka leo.

Mwenyezi Mungu akuonyeshe dhiki ya mtu bila ya wewe kumvua stara yake. Na ukikosea, kwani utakosea, akujaalie uligundue kosa lako mtoto wa mwenzio angali darasani. Amin.