Jembe na Nyumba

Kampeni zilizopita zilinikuta hapa Kahama, dukani kwangu, nikimkatia mteja kitenge. Gari la matangazo likapita barabarani, spika zimefungwa juu ya paa, muziki unatetemesha mpaka vioo vya kabati. Mteja wangu akacheka. "Mama, huyu safari hii anapita!" Mimi nilishindwa kucheka. Mkasi ulinisimama katikati ya kitambaa, na mawazo yakanirudisha kwenye uchaguzi wa kwanza niliouona kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi hivi, kijijini kwetu, kwenye ile nchi tambarare iliyo kati ya Shinyanga na Geita. Ukiwa na nafasi, nivumilie nikusimulie.

Chama kilikuwa kimoja wakati ule, lakini usidhani watu hawakushindana. Kila jimbo lilipata wagombea ubunge wawili, na kwa kuwa wazee wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Mpiga kura aliandika V kwenye picha aliyoipenda, yakaisha. Mwaka ule mgombea mmoja alikuwa katibu wa chama cha ushirika, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyetununulia pamba. Wa pili alikuwa baba yangu, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi.

Katibu akapata jembe. Baba akapata nyumba.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kila jioni kuomba kaa la moto, alipozisikia habari hizo alishika kiuno. "Mwalimu ameponzwa," alisema. "Msukuma na jembe lake, nani atawatenganisha?" Baba alicheka. Alisema watu hawachagui picha, wanachagua maneno. Lakini ilikuwa Oktoba, joto linachoma, mawingu ya kwanza yanakusanyika upande wa ziwa, na katika kila mji ungesikia kokoko ya wanaume wanaopachika mipini mipya kwenye majembe. Mwezi ule nyumba haikumkaa mtu kichwani.

Mama yangu alifariki nikiwa bado mdogo, kwa hiyo aliyenilea ni bibi, mama yake baba. Asubuhi alinipikia uji wa mtama, na mchana matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukayala kwa karanga. Mpaka leo nikisikia harufu ya viazi hivyo vikichemka naona mikono yake. Bibi hakujua kusoma. Jioni moja alinivuta nyuma ya ghala, akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba tunaiba, "Nifundishe hiyo V ya baba yako."

Nikachora chini kwa kijiti: nyumba huku, jembe kule. Akashika kijiti kama anayeshika mchi. V ya kwanza ilipinda kama pembe ya ng'ombe. Tuliendelea jioni tatu, yeye ameinama, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, mpaka V yake ikawa nzuri kuliko yangu. Nilijivuna nikawa natembea kama mwalimu msaidizi.

Wagombea wote wawili walizungushwa jimboni kwa gari moja, wakihutubia mkutano mmoja, zamu kwa zamu. Baba alizungumzia madawati, kisima, na wasichana wanaoachishwa shule. Alizungumza vizuri, lakini alizungumza kirefu, na watu walikuwa wamesimama juani. Katibu alisalimia tu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!", akaulizia mvua, akashuka. Akina mama wakapiga vigelegele.

Siku ya kura darasa letu la tatu liligeuzwa kituo. Foleni ya wanawake ilikuwa upande mmoja, ya wanaume upande wa pili, na nakumbuka bibi na baba walifika mlangoni karibu pamoja. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani. Baba alimpisha, akamshika kiwiko apande kizingiti. Mimi nilibaki chini ya dirisha na kigoda cha bibi, nikiona kama mtihani ule ni wangu. Alipotoka hakunitazama. Nilidhani ni jua.

Baba alishindwa. Walipotangaza, ilionekana alizidiwa kwa kura ambazo waliozipiga wangeweza kuenea kwenye madawati ya madarasa machache. Alimpa katibu mkono mbele ya watu wote, akarudi nyumbani, akala. Lakini baada ya hapo hakutaka kupita sokoni. Kila aliyemsalimia "shikamoo mwalimu" alimjibu akimwangalia usoni, kama anayetafuta humo kitu. Januari aliomba uhamisho. Akapelekwa mwisho kabisa wa jimbo, kwenye shule iliyo karibu na machimbo ya dhahabu, safari ya siku nzima kwa lori. Aliniacha kwa bibi. Alikuja likizo moja, akaruka mbili, halafu akawa anatuma barua tu, nami namsomea bibi.

Nilikuwa sekondari, nimerudi likizo, tunabangua karanga mimi na yeye, ndipo aliponiambia.

"Ile nyumba uliyonifundisha, sikuiandikia V."

"Ulikosea, bibi?"

"Sikukosea. Niliandika kwenye jembe, nikaiandika vizuri."

Yeye akaendelea kubangua. "Babu yako alikwenda Mwadui kwenye almasi. Aliniambia atarudi tukivuna. Nimevuna mara ngapi tangu siku ile? Nikajua huyu naye wakimpeleka bungeni, Dar es Salaam itammeza. Nikasema moyoni, heri ashindwe, abaki." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Kumbe ameshindwa, na hakubaki."

Akaniapisha nisimwambie. Alifariki mwaka uliofuata. Baba alifika kwenye mazishi, akakaa siku nne, akaondoka bila kumtembelea mtu. Aliamini kijiji kizima kilimkataa, na mimi niliyeijua walau kura moja ilivyopigwa nilimsindikiza hadi kwenye lori bila kufungua mdomo.

Nilikuja kumwambia akiwa mzee, amestaafu, amelala kitandani katika nyumba aliyojenga huko huko machimboni. Niliona kiapo kimeshakuwa kizito kuliko aliyeniapisha. Nilimweleza yote, mpaka habari za babu na Mwadui. Nje magari ya mchanga wa dhahabu yalikuwa yakipanda mlima.

"Aliandikaje ile V?" aliniuliza.

"Vizuri, baba. Aliiweza sana."

"Basi kura yake haikuharibika," akasema. "Zilizoharibika zilikuwa nyingi." Kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakatikisika, na mimi nikatoka nje nikamwacha, kwa sababu hakuwahi kulia mbele yangu.

Vyama vingi vilikuja, na jembe na nyumba vikaondoka kwenye karatasi. Katibu alitumikia akaangushwa na mfanyabiashara, na mfanyabiashara akaangushwa na kijana ambaye hata kuongea Kisukuma anababaisha. Fulana, kofia, nyimbo. Dhahabu ilileta watu kutoka kila mkoa, jimbo likajaa mpaka likagawanywa, na mpaka mpya ukapita katikati ya mashamba ya watu tuliokuwa tukiitana jirani. Lile darasa la tatu lilibomolewa. Ghala la pamba limebaki kuta, mbuzi wanalala humo. Nikimuuliza kijana wa leo jina la jimbo letu la zamani, ananitazama kama nimeongea lugha ya kigeni.

Baba tulimzika kule kule machimboni, maana alisema asirudishwe. Bibi yuko kijijini. Siku nikienda kupalilia makaburi yao, natoka jimbo moja naingia jingine, mabango ya mbunge huyu yanaisha, ya yule yanaanza. Ni mama na mwanawe, waliowahi kuingia chumba kimoja asubuhi moja kupiga kura, kila mmoja akimwombea mwenzake mema kwa namna yake, na wakapotezana papo hapo.