Maji ya Kurudi ya Namba Kumi na Nne

Wanaume wengine hubeba picha za wajukuu kwenye pochi. Mume wangu Verner alibeba kikaratasi chenye joto la maji yetu ya kurudi: nyuzi ishirini na nane. Alikuwa tayari kumwonyesha yeyote aliyesimama karibu naye kwenye foleni ya mkate.

Katika mji wetu hapa Jutland, kwenye baridi ya kaskazini, mtambo mmoja huchemsha maji kwa ajili ya watu wote. Maji hupita kwenye mabomba chini ya barabara, kila nyumba inachukua joto lake, kisha inayarudisha mtamboni. Mtambo ni mali yetu sisi watumiaji. Anayerudisha maji yaliyopoa amewasaidia wenzake. Anayeyarudisha yangali moto amewatwisha mzigo, na huongezewa malipo. Verner alikuwa fundi bomba wa mji kwa miaka arobaini, na mwenyekiti wa mtambo kwa miaka tisa. Ukimsikiliza yeye, hapakuwa na nyumba aliyoifanyia kazi akakosea.

Ni yeye aliyebuni ile orodha. Kila mwezi wa Machi, kwenye mkutano mkuu ukumbini, kabla hatujaletewa mkate mweusi na samaki wa siki, alisimama akasoma nyumba kumi zinazorudisha maji ya moto kuliko zote. Alisoma namba za nyumba tu, kwa sababu eti kutaja majina ni kukosa adabu. Mji wenyewe una barabara sita! Nani asiyejua namba kumi na nne anakaa nani?

Anakaa Dagny, mjane wa mwalimu, mwenye miaka themanini na miwili. Miaka mitatu nyuma, mita mpya zilipofungwa, yeye ndiye aliyetokea juu kabisa kwenye orodha. Verner akatia na mzaha wake. "Kumi na nne, nyuzi sitini na moja! Huyu haturudishii maji, anaturudishia supu." Ukumbi ukacheka. Mimi nami nilicheka, tena kwa sauti. Dagny alikuwa meza ya tatu, mbele ya keki aliyotuletea. Mwaka uliofuata hakuja, na mwaka uliofuatia huo hakuja vilevile, ingawa namba yake ilisomwa miaka yote.

Signe, fundi kijana wa mtambo, alitaka kwenda kuangalia. Nilikuwepo jikoni alipomuuliza Verner.

"Nipitie kwa Dagny? Labda kuna kitu kimelegea."

"Tangi lake la maji ya moto nimelifunga mimi mwenyewe," Verner akamjibu. "Bomba halina shida, bibi ndiye mwenye shida. Anafungulia maji anaenda kumwagilia maua."

Signe aliguna, akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Angefanyaje, na mwenyekiti ameshasema?

Mwaka jana tuliuza nyumba yetu kubwa tukaanza kujenga ndogo, bila ngazi, kwa ajili ya magoti yangu. Msingi ulipokauka, ikabaki kuamua maji ya moto ya kuogea yatapashwaje. Verner alitaka kile kisanduku cha ukutani kinachopasha maji yanapopita tu. Alikuwa amekisifia kwa kila mtu mjini. Mimi nilitaka tangi. Nina vidole vinavyouma asubuhi, na sikutaka kusimama nimeshika bomba nikisubiri maji yapate moto.

"Tangi ni la watu wa zamani, Mama," aliniambia. Tangu watoto wazaliwe tunaitana Mama na Baba, na wamehama siku nyingi.

"Nami ni mtu wa zamani, Baba. Hujaniona?"

"Tangi linatunza maji moto mchana kutwa hakuna anayeyatumia. Twende kwa Dagny nikakuonyeshe ubaya wake."

Hivyo ndivyo tulivyoenda. Tarehe kumi na nne Januari, saa nne asubuhi, mume wangu alinipeleka kwa mjane aliyemfanya kichekesho cha mji mzima, ili amtumie kama mfano. Nami nikavaa koti nikaenda.

Dagny alitukaribisha kwa adabu zake zote. Alikuwa amevaa sweta mbili. Nilipoomba kwenda msalani, niliona beseni la plastiki ndani ya bafu, na birika la umeme juu ya kigoda. Chini ya sinki bomba la maji ya moto lilikuwa limefungwa, na kamba imezungushwa ili lisifunguliwe kwa kusahau.

"Maji yako yameharibika?" nilimuuliza niliporudi.

"Hapana. Niliyafunga baada ya ule mkutano," alisema, akipanga biskuti kwenye sahani. "Na tangi nikalipunguza joto. Najipangusa kwa maji ya birika, inatosha. Sikutaka kuwa mzigo kwa watu. Lakini mwanangu, nimefunga kila kitu na bado nasikia nasomwa wa kwanza. Sijui nifunge nini tena."

Nilimtazama Verner. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Akasema anashuka chini kuona tangi, nami nikamfuata.

Alipiga magoti nyuma ya tangi na tochi yake. Nilipoinama begani kwake nikaona bomba fupi linalounganisha maji yanayoingia na yanayorudi, lenye mkono wa njano wa kulifungia, na mkono ule ulikuwa wazi. Maji ya mtambo yaliingia na kutoka hapo hapo, mengi yake hayakupita kwenye tangi wala kwenye chumba chochote. Kwenye mkono huo kulining'inia kwa uzi kibandiko cha kadibodi chenye maandishi ya penseli nene ya fundi. Mwandiko huo naujua, ndio ulioniandikia barua za uchumba.

"Wazi kwa kusafisha bomba. Funga jioni. V.B." Na tarehe ya miaka kumi na moja iliyopita.

Verner aliugeuza mkono robo tu, ukafunga. Akakata uzi, akatia kibandiko mfukoni.

"Mmeona nini huko?" Dagny aliita kutoka juu.

Nilisubiri aseme. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

"Vumbi tu!" akajibu.

Nami nilikuwa na mdomo, sikuufungua. Tulipanda, tukala biskuti za mwanamke yule, tukashukuru, tukaondoka. Kwenye gari nilimwambia, "Rudi ukamwambie." Akasema atamwambia, ila si leo. Kesho yake pia haikuwa leo. Kila nilipomkumbusha alikuwa na kazi kwenye banda, na mimi, Mungu ananiona, nilianza kumkumbusha mara chache. Nilijiambia siri ni yake, si yangu. Nilipopita mbele ya namba kumi na nne nilikuwa navuka barabara.

Kuhusu nyumba mpya, hakuzungumza tena habari za kisanduku. Msimamizi wa ujenzi alipopiga simu kutaka jibu, Verner alinipa simu.

"Chagua wewe, Mama."

"Mimi najua nini habari za mabomba?"

"Chagua. Na aje fundi mwingine kufunga. Mimi sitagusa."

Miaka arobaini na sita ya ndoa, hakuwahi kumruhusu fundi mwingine hata kubadilisha mpira wa bomba letu. Nilichagua tangi. Nililipata nililolitaka, na sikufurahi hata kidogo.

Machi ikafika. Safari hii Dagny alikuja, kwa sababu Signe alimpigia simu akamwambia kuna habari nzuri zinazomhusu. Alibeba keki ya tabaka tatu, akaketi karibu nami. Natamani angeketi kwingine. Verner hakusoma orodha. Alimwachia Signe, akisema koo linamkereketa.

"Nianze na kizuri," Signe alisema. "Kumi na nne imeshuka kutoka nyuzi sitini na moja mpaka thelathini. Tangu Januari kumi na nne. Dagny, umefanyaje?"

Watu wakapiga makofi. Dagny akasimama, mashavu yamemwiva kwa furaha.

"Mimi? Sikufanya lolote. Januari kumi na nne ndiyo siku aliyokuja Verner na mkewe kuangalia tangi. Atakuwa amegusa kitu huko chini, na hakutaka hata kujisifu."

Makofi yakazidi. Mmoja akapiga kelele, "Verner huyo! Hata akistaafu!" Mwingine akampiga begani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu.

Verner aliinuka. Akatoa pochi, na kutoka mahali pa kile kikaratasi chetu cha nyuzi ishirini na nane akatoa kibandiko cha kadibodi. Akavaa miwani. Akakisoma kwa sauti ile ile aliyosomea orodha miaka yote, neno kwa neno, na tarehe, na V.B.

"Niliuacha wazi mimi," alisema. "Bibi hakumwaga maji. Signe alitaka kwenda kuangalia nikamzuia. Nimejua tangu Januari."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyezomea. Watu wetu hawazomei. Waliangalia vikombe vyao. Mimi pia niliangalia changu, mpaka Dagny aliposema taratibu, akiwa bado amesimama:

"Kwa hiyo ningeweza kuoga?"

"Ndiyo, Dagny."

"Miaka yote mitatu?"

"Yote. Naomba unisamehe."

Dagny alinigeukia mimi. "Nipeleke nyumbani, tafadhali."

Keki ilibaki mezani bila kukatwa. Kwenye gari alikaa na mkoba mapajani mpaka tulipofika kwenye mlango wake, na funguo ziko mkononi.

"Na wewe ulishuka naye siku ile," alisema. "Uliona?"

"Niliona."

"Ilikuwa Januari. Leo Machi." Alikuwa anahesabu, hakuwa ananigombeza. "Na beseni langu uliliona."

"Nililiona, Dagny."

Aliingia ndani akaacha mlango wazi, sijui kwa kusahau au kwa kuniita. Niliingia nikasimama kwenye korido na koti langu. Nilisikia akihangaika na ile kamba chini ya sinki, nikataka kwenda kumsaidia, nikashindwa kusogea. Kisha nikasikia maji. Yalianza kwa kukohoa, yakatulia, yakatiririka, yakaendelea kutiririka. Aliyaacha muda mrefu sana, nami nilisimama pale nikiyasikiliza mpaka alipoyafunga mwenyewe.